Mistari Mitatu Shavuni

…chini ya ubavu wa mwisho, si katikati, katikati kisu kinagonga mfupa kinateleza, mjomba Fabiano alinionyesha juzi kwa mbuzi, akanishika mkono juu ya mpini akausukuma, hivi, halafu juu, na yule mbuzi akapiga magoti bila hata kulia, basi mbuzi wangu leo ndiye huyu, Sulemani, mzee wa Kinubi, muuza chumvi na sabuni hapa Koboko, amekaa mbele yangu kwenye mkeka, nikinyoosha mkono namfikia, anamimina chai kwenye kisahani na kuipuliza, mashavu yanavimba na zile chale zake tatu zinavimba nazo, tatu, wima, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo, walizochanjwa wazee wao tangu enzi za askari waliotoka Sudani, watu wa kusini wakaziita mia na kumi na moja kwa sababu ndivyo zinavyosomeka, na mimi nilizisoma, nilizisoma vizuri sana asubuhi ile ya mwaka wa themanini, nikiwa juu ndani ya ghala la mtama na baba yangu yuko chini uani anakatwa… "Kunywa, mutoto yangu," anasema, "kwa nini wewe naangalia tu?" na mimi nacheka kidogo, kicheko cha mgeni mwenye haya, mkono wangu wa kulia uko ndani ya gunia lililo mapajani mwangu, na ndani ya gunia kuna kisu cha mjomba cha kukatia majani ya tumbaku, alikinoa mwenyewe jana jioni pale kwake Ajia, akakijaribu kwa vinyweleo vya mkono wake, akakifunga kwa gunia kutoka kwenye banda lake la kukaushia tumbaku, asubuhi akanisindikiza hadi wanaposimama malori Arua, mjomba wangu, kaka wa mama, mtu anayejua uchungu wa kupokonywa ndugu, maana mdogo wake Ayiko alichukuliwa na askari mwaka wa sabini na saba na hata kiatu chake hakikurudi, akaniambia, Wani, wewe ndiye uliyeona, macho yalikuwa yako, mkono nao uwe wako.

Macho, ndiyo, tuyaongee macho, miaka miwili nimekaa seminari nikisomeshwa macho, Padri Kasimiro mbele ya ubao, chaki mkono huu, leso ya jasho mkono huu, hakuna kilichomo akilini ambacho hakikupita kwanza kwenye milango ya fahamu, andikeni, milango ni mitano, na sisi vijana wenye njaa tunaandika huku pua zetu zimeshatangulia jikoni kuchungulia maharage, akatuambia kulikuwa na Mwingereza mmoja aliyesema mtoto huzaliwa na akili iliyo ubao mtupu, dunia ndiyo inayokuja na chaki, na Mfaransa mmoja aliyekaa karibu na moto na kipande cha nta, ikayeyuka, harufu ikaenda, umbo likaenda, rangi ikaenda, akauliza, je, hii bado ni ile nta, na kama ni ile, ni mlango gani uliokuambia, sisi tukakuna vichwa, tukasema ni moto, Padri, tukacheka… Leo nisingecheka. Mimi nimeiona nta, Padri, nimeiona uani kwetu, umbo lilienda, sauti ikaenda, joto likaenda polepole hadi jioni, na bado alikuwa baba, mtu anaweza kukosa nusu ya kichwa na ukamjua kwa kidole gumba cha mguu kilichopinda, hilo hamkuliandika kwenye vitabu vyenu, na ubao wangu haukuandikwa kwa chaki, uliandikwa kwa panga, nao haufutiki, nimejaribu kwa pombe, nimejaribu kwa rozari, nimejaribu kwa kuwachapa watoto wa darasa la sita huko Arua ninakofundisha, nawachapa mpaka mwalimu mkuu ananiita pembeni… "Baba yako na mimi nakula sahani moja," anasema mzee, "pale barakisi ya jeshi Masindi, sahani moja, mukate moja, Lokule alikuwa mutu ya kucheka, eh, anacheka mpaka sajini-meja nakasirika," nyamaza, usilitaje jina lake kwa mdomo huo, nyamaza au nitaukata huo ulimi kwanza kabla sijashuka kwenye ubavu, nitaushika kwa vidole, utateleza, nitatumia kanzu yako mwenyewe kuushikia.

Kwa sababu niliona. Watu wanaambiwa, mimi niliona. Mama alinipandisha ghalani kabla hakujapambazuka vizuri kwa sababu jeshi jipya lilikuwa limeingia na lilikuwa linakusanya vijana, panda, Wani, usikohoe, akaondoa ngazi akaenda kujificha mtoni na wadogo zangu, baba akabaki, baba alisema mtu mzima hakimbii nyumba yake, na mimi nikalala juu ya mtama, jicho kwenye mwanya, vumbi la mtama puani, nikasikia mlango wa uzio unasogezwa, akaingia mtu, koti la jeshi, kofia ya jeshi imeshushwa hadi kwenye nyusi, panga limebanwa kwapani, akasimama karibu na uzio wetu wa matete, jua ndiyo kwanza linachomoza nyuma ya uzio, akageuka kuangalia alikotoka, kuangalia kama kuna anayemfuata, na hapo ndipo nikaliona shavu lake, mistari mitatu, myeusi, wima, nikaihesabu kwa moyo unaogonga mbao za ghala, moja, mbili, tatu, Mnubi, na Mnubi aliyekuwa akiingia kwetu bila kubisha alikuwa mmoja tu, halafu baba akatoka ndani na birika la kunawia uso, hakupiga kelele, akasema kwa Kiswahili, "Ni weye? Mimi nakula na weye, kumbe ni weye?" na panga likaanza begani, sauti yake ilikuwa ile ya kukata muhogo mbichi, birika likaanguka maji yakamwagika, la pili shingoni, la tatu sikutazama, niliuma mkono wangu mpaka damu, alama iko hapa bado, na yule mtu hakusema hata neno moja, aliendelea kukata hata baba alipokuwa hahitaji tena kukatwa, kama mtu aliyekuwa na kazi ya siku nyingi kaiweka moyoni… Kiswahili, unaona, huo ndio ushahidi wa sikio, kwetu nyumbani ni Kikakwa, baba alikula Kikakwa akaota Kikakwa, Kiswahili kilikuwa cha barakisi, cha rafiki zake wa bunduki, kwa hiyo jicho limesema Mnubi na sikio limesema mtu wa barakisi, milango miwili imekubaliana, hata Padri Kasimiro angetia saini.

"Mimi sijamuzika," mzee anasema, anatazama ndani ya kisahani, "siku ile Lokule nakufa mimi sipo, mimi iko Yei na watoto, mutu moja anatoka huku nakuja anasema, Sulemani, Lokule wamemumaliza, mimi naanguka chini pale sokoni, kweli ya Mungu," na mkono wangu unakaza mpini, uongo, uongo mtupu, habari ya kuambiwa ni mlango wa nyuma, ndivyo tulivyofundishwa, yeyote anaweza kuingiza chochote kupitia huo, Yei, eti Yei, kila muuaji wa West Nile alikuwa Yei siku hiyo au Zaire au hospitali, na bado sauti yake imekwama kidogo kwenye koo aliposema mimi naanguka chini, sauti inaweza kuigizwa, usisikilize sauti, Wani, wewe mtazame shavuni, shavu haliigizi, akiinamisha kichwa tena kunywa kutoka kisahanini hapo hapo, gunia kando, mkono wa kushoto shingoni, chini ya ubavu wa mwisho, halafu juu, damu itamwagika kwenye mkeka, itakuwa ya moto, mbuzi alikuwa wa moto kuliko nilivyofikiri, itaingia kwenye chai, na mjukuu wake aliyemo ndani atapiga kelele, atakimbilia sokoni, watanishika, watanipiga mawe, sawa, wanipige, sikuja nikitegemea kurudi… "Hawah!" anaita, "sukari iko wapi? Mugeni nakunywa chai namna gani bila sukari?" na mjukuu anaitikia kutoka ndani, "Nakuja, babu," na mzee ananisogelea, ananinong'oneza, pumzi yake karafuu na udi, "Baba ya huyu mutoto, kijana yangu ya kwanza, walimumaliza njiani mwaka wa sabini na tisa, tunatoka kusini kukimbia, wanasimamisha gari, hawaulizi jina, hawaulizi kazi, wanaangalia uso tu, hii hapa," anagusa chale zake kwa kidole, "wanasema, huyu tunamujua, wanamutoa, na yeye hajawahi kushika bunduki, yeye iko fundi ya cherehani," na mimi nataka kusema vizuri, vizuri sana, sasa tuko sawa, lakini najikuta nayarudia maneno yake, wanaangalia uso tu, wanasema huyu tunamjua, mbona hilo linanikera, linakera kama punje ya mtama iliyoingia ndani ya shati.

Hawah anatoka ndani na bakuli la sukari, msichana wa miaka kama kumi na nane, mtandio wa manjano, jua la alasiri limeshashuka nyuma ya uzio wao wa matete na yeye anasimama karibu na uzio, ananiangalia mimi, mgeni asiyekunywa, na shavuni mwake… nani kamchanja huyu, siku hizi hawachanji tena, mabinti wa Kinubi wa umri wake sijaona hata mmoja aliyechanjwa, na huyu ana mitatu, myeusi, wima, kutoka chini ya jicho hadi karibu na mdomo, mia na kumi na moja, nzi anatua kwenye bakuli, anageuka kumfukuza, na ile mistari inapanda, inavuka pua, inakatika kwenye mtandio, mmoja unabaki kwenye kidevu, kisha hakuna, shavu safi, jeusi, linang'aa mafuta, anarudi alipokuwa na mistari inarudi, moja, mbili, tatu, matete, ni matete, ni jua na matete, ewe Mungu wangu ni kivuli cha matete… na Sulemani hapa chini kivulini, ambako jua halimfikii, chale zake zimetulia pale pale zilipo, akigeuza kichwa zinageuka naye, hazimwachi, hizo ni zake, lakini zile, za asubuhi ile, za yule mtu wa panga, je, ziligeuka naye? niliziona mara moja tu, alipoangalia nyuma, kuelekea jua, alipokuja katikati ya ua kukata alikuwa ameinama na kofia imemfunika, sikuona tena shavu, sikuona, miaka minane namwona na shavu lake usiku na mchana, kumbe nililiona kwa muda wa kupepesa jicho na mengine yote nimeyachora mwenyewe.

Jicho halisemi uongo, alisema Padri Kasimiro, akatumbukiza fimbo kwenye ndoo, ikaonekana imevunjika, akaitoa, nzima, jicho linaleta kile kilicholifikia, Wani, anayesema fimbo imevunjika si jicho, ni wewe, ni hukumu yako, simama uniambie maana yake, nikasimama nikaeleza vizuri sana, nikapata alama nzuri, mjinga mkubwa mimi, nilieleza fimbo na sikuweza kueleza uzio wa nyumbani kwetu… mistari mitatu ililetwa na jicho, sawa, ilikuwepo, lakini Mnubi nimemleta mimi, Sulemani nimemleta mimi, nimemtoa Yei nikamvisha koti na kofia, na koti lenyewe, koti la jeshi, nani hakuwa nalo, mwaka uliotangulia askari wa serikali iliyoanguka walipokuwa wanakimbia waliyatupa hadi mitaroni, wanawake walipalilia nayo karanga, hata mjomba alikuwa nalo, alikuwa analivaa bandani usiku kwa ajili ya… mjomba. Hapana. Mjomba hapana, acha, rudi kwenye sikio, sikio lilisema Kiswahili, mtu wa barakisi, nakula na weye, na baba alikula na nani mwingine kwa Kiswahili, baba Mkakwa asiyejua Kilugbara, akaoa Mlugbara wa Ajia, akaenda ukweni kila sikukuu, akakaa na shemeji yake kwenye sinia moja, shemeji asiyejua Kikakwa, wakacheka kwa lugha gani, Wani, wakagombana kwa lugha gani, nilikuwepo, nilikuwa nawabebea maji ya kunawa, ni weye, shemeji, kula, ni weye… nyamaza, nyamaza, lakini mpini umelowa jasho na gunia limepata joto mapajani mwangu na linapanda, linapanda puani, moshi, si moshi wa nyumba, nyumba ikiungua ni moshi wa nyasi unaokereketa, huu ni mzito, mtamu, wa majani yanayokaushwa, na siku ile ghalani niliunusa huu huu, ulipanda pamoja na vumbi la mtama alipopita chini yangu, nikasema moyoni kila kitu leo kinaungua, nikaufunga, macho yalikuwa yameshaamua na nani anaisikiliza pua, hata seminarini pua ilitajwa mwisho, baada ya ulimi, mlango wa wanyama, lakini pua haikuhukumu chochote, haikusema Mnubi wala Mlugbara, ilikaa na moshi wake miaka minane ikinisubiri nilipakate hili gunia.

Na Ayiko. Ayiko, mwalimu, alichukuliwa Arua, na kule juu kilimani kwenye ofisi za serikali nani alikuwa na kiti, baba, Sajini Lokule, mama alipiga magoti mbele ya mume wake mwenyewe, ni ndugu yangu, sema neno moja tu, na mjomba amesimama mlangoni na kofia mkononi, na baba akafunga vifungo vya shati lake la jeshi, kimoja kimoja, akasema mimi sijui jambo hilo, akatoka, na mjomba hakulia, alitazama tu ule mlango kwa muda mrefu, mimi nilifikiri anatazama mlango… kama mtu aliyekuwa na kazi kaiweka moyoni, ndivyo nilivyosema mwenyewe, hapa hapa, sasa hivi… Na mama, mama aliporudi kutoka mtoni nikamwambia, ana mistari mitatu, mama, ni Mnubi, mama akiwa amekaa pale chini, miguu ya baba mapajani mwake, akaacha kulia, akaacha ghafla, akaniangalia hadi nikaogopa, akasema, "Wewe iliona hivyo? Na macho yako?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi shika hivyo hivyo. Usiongeze," mama Eyotaru, hakuwahi kusema Kiswahili na mimi, siku zote Kikakwa, kwa nini siku ile Kiswahili, alitaka nani mwingine asikie, nani alikuwa amesimama nyuma yangu, nani alifika wa kwanza kutusaidia kuchimba, mikono yake imeoshwa, nywele zimelowa, akasema kijana ameona, tumshukuru Mungu kijana ameona, akanikumbatia, na mimi nikalala kwenye kifua chake nikalia kwenye moshi ule ule… mkono unateleza kwenye mpini, kisu kimenikata kidole, nasikia unyevu, nasikia maumivu baadaye, kwanza unyevu halafu maumivu, na je, hii nayo ni hukumu, hii nayo nimeichora, labda mjomba naye nimemvisha koti, labda harufu ni harufu tu na nusu ya Ajia inanuka hivyo, sijui, sijui, neno hili sijawahi kulisema tangu asubuhi ile, sijui nani alimuua baba yangu, najua tu kwamba hasira haijaondoka, imesimama katikati yangu imeshika kisu inatafuta uso, ilikuja Koboko na uso mmoja na sasa unaitoka, na mbele yake, huko Arua, kwenye malori, kuna mtu aliyeahidi kuja jioni kunipokea, atanitazama mikono kabla ya macho, atakapoona damu ya kidole atafurahi, na mimi nitainamia bega lake, ninuse.

"Mugeni hanywi," Hawah anasema, anacheka kidogo, anainama kuniwekea sukari, mistari inamshuka, inapita kwenye mkono wake, inafika kwenye mkono wangu wa kushoto, mitatu, nimechanjwa na mimi, na Sulemani amenyanyua kisahani tena, ameinamisha kichwa, shingo iko wazi, hapa ndipo nilipokuwa nikipangoja, ubavu wa mwisho uko hapo chini ya kanzu, unapanda, unashuka, mzee anapumua tu, "Chai namna gani, mwana ya Lokule?" anauliza bila kuinua kichwa, na mimi kwa mkono wa kushoto, wenye mistari, nashika kikombe, nakunywa, ulimi unaungua.

"Iko moto, mzee," nasema.

"Basi puliza," anasema, na anaendelea kupuliza yake.